Lango Lisilotamkika

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeshtakiwa kwa kosa la kucheka majina ya watu, na kwa kweli nilikuwa nimeyacheka.

Kosa lenyewe nililifanya mchana, nikiwa macho. Mwanangu Kalunde ni fundi cherehani, mtu mzima kabisa, na siku hizi anatunga hadithi ndefu ya nchi ambayo haipo. Tulikuwa uani, mimi namenya karanga, yeye ananisomea. Milima inayohama niliivumilia. Ng'ombe wenye mbawa niliwavumilia pia. Tulipofika kwenye majina ndipo nikashindwa. Nchi yenyewe inaitwa Qvethrundh, na huwezi kutoka humo ila kwa kupitia lango moja linaloongea, nalo jina lake ni Xh'aqalumbredh.

"Huyu," nikamwambia, "alipewa jina mama yake akiwa anapiga chafya."

Kalunde hakucheka. "Mama, tatizo ni kwamba hujui kuyatamka. Q inatoka kooni. Kwenye hiyo alama ya juu unasimama kidogo. Mkazo unakaa mwanzoni. Na h ya mwisho haitamkwi."

"Kama haitamkwi, umeiweka ya nini?"

"Ya uzuri."

"Kama mkufu."

Nikacheka mpaka karanga zikamwagika. Yeye akakusanya karatasi zake, akaingia ndani, na chai ya jioni akanywea chumbani kwake. Nikaswali Isha, nikapanda kitandani na kicheko bado kimenibaki shavuni. Mungu anisamehe.

Nikajikuta kwenye foleni. Jua la asubuhi linawaka vizuri, lakini foleni haisogei hata unyayo. Mbele yangu amesimama mama mmoja mwenye beseni la mihogo kichwani.

"Dada, hii foleni ya nini?"

"Hapa ni kwenye alama," akasema. "Unasimama kidogo."

Nikatazama juu. Kweli, alama ilikuwa inaning'inia hewani, imepinda kama kucha iliyokatwa.

"Na wewe umesimama tangu lini?"

"Tangu niliposomwa mara ya kwanza. Aliyekuwa ananisoma alisimama kidogo, akaitwa kula, hakurudi."

Nikampa pole. Akasema ameshazoea, ila mihogo ndiyo inayomsikitisha.

Wakaja askari wawili waliovaa sare za mgambo. Walikuwa herufi. Mmoja ni R, anachechemea, maana wasomaji wengi humgeuza L na mguu wake mmoja haujui uwe wa nani. Mwenziwe ni Dh, ambaye kwa kweli ni wawili, lakini wanatumia mkanda mmoja.

"Wewe ndiye uliyecheka?" R akauliza.

"Nilicheka kidogo."

"Kidogo mpaka karanga zikamwagika?"

Mtu hawezi kubishana na askari aliyeziona karanga.

"Adhabu yako ni kutoka," Dh akasema.

"Jamani, kutoka nako ni adhabu?"

"Kutoka ni kwa lango. Na lango halifunguki mpaka uliite sawasawa. Ukishindwa kabla ya adhana ya Alfajiri, unabaki. Utakuwa jina kama sisi, na kila atakayekusoma atakutamka anavyotaka. Wako watakaokuruka kabisa."

Hapo kicheko changu kikanyauka. Tangu mume wangu afariki sijaipoteza Alfajiri hata moja. Ndiyo saa ninayomwombea. Nikiwa jina kwenye karatasi, nani atamwombea? Nikauliza kama huku kuna mahali pa kuswalia. Dh akasema papo, pazuri sana, lakini hakuna anayejua kupatamka, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufika.

"Basi nifanyeje?"

"Anza na Q. Inatoka kooni. Ifuate."

Nikageuka ili niulize koo liko upande gani, na tayari nipo ndani yake. Kumbe ni darasa langu la zamani, madawati yaleyale, ila kuta zina unyevu na sakafu inameza mate. Darini ananing'inia Mwalimu Kidakatonge, mwekundu, anayumba kama kengele.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Nilimaliza darasa la saba, mwalimu."

"Q mlifundishwa?"

"Shuleni hapana. Ila kwenye chuo cha Kurani, kwa maalimu, nilifundishwa qaf. Nilichapwa sana kwa ajili yake."

"Itoe tuisikie."

Nikaitoa. Mwalimu Kidakatonge akayumba kwa furaha mpaka darasa zima likakohoa. Akanifungia Q kwenye kipande cha gazeti. Ilikuwa ya moto, imevimba kama andazi.

"Isipoe," akasema. "Ikipoa inakuwa K, na K wako tele."

Nikaibana kwapani, nikatoka mbio. Nje nikakuta benchi refu. Kila mahali pa kukaa paliandikwa kipande kimoja cha jina la lango, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali pa pili kutoka mwisho amekaa bibi mmoja mnene, amejaa raha, anajipepea kwa ukawa wa kufunikia chakula. Nikamtambua kwa uzito. Alikuwa Bibi Mkazo. Benchi lilikuwa limelalia upande wake, na vipande vya mwanzo vimeinuka juu miguu ikining'inia.

"Shikamoo bibi. Naomba usogee mwanzoni."

"Marahaba. Sisogei."

"Jina la lango linataka ukae mwanzoni."

"Mwanangu, Waswahili wote wananikalisha hapa, pa pili kutoka mwisho. Nimezaliwa hapa, nimenenepea hapa. Huko mwanzoni kuna upepo."

Nikambembeleza. Nikamsukuma kwa bega. Nikamsukuma kwa mgongo, kanga ikanivuka. Bibi Mkazo hakutikisika, ila aliniuliza kama nimekula, kwa sababu nasukuma kama mtu mwenye njaa.

Pembeni kabisa, mwisho wa benchi, alikaa mzee mmoja mwembamba, nadhifu, kofia mkononi na mkufu shingoni. Nilikuwa sijamsalimia, nikaona aibu.

"Shikamoo baba. Habari za hapa?"

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Macho yakamjaa machozi.

"Usijisumbue," Bibi Mkazo akasema. "Huyo ni H wa mwisho. Hatamkwi. Yupo kwa uzuri tu. Wewe ni wa kwanza kumsalimia." Kisha akanusa hewa. "Hapo kwapani una nini?"

"Q."

"Nionjeshe nisogee."

Nikaona ni biashara ya haki. Nikamfungulia gazeti amege kidogo. Bibi Mkazo akaitia kinywani yote, akameza, akafuta midomo, akasogea kipande kimoja, akachoka, akarudi palepale.

"Ilikuwa ya kooni kweli," akasema.

Sikupata nafasi ya kulia, kwa sababu benchi lilikuwa limekwisha kuwa kizingiti, na mbele yangu limesimama lango. Kubwa, la mbao na vyuma, limejaa kutu, na sauti yake ni ya mtu mwenye mafua. Bibi hayupo. H alikuja nami, kimya. Mbingu ilianza kupauka kwa upande wa magharibi, lakini sikuwa na muda wa kuikosoa.

"Niite," lango likasema.

Nikajaribu. Kilichotoka kilikuwa kama mtu anayesukutua.

"Huyo ni binamu yangu. Jaribu tena."

Nikajaribu tena, nikasimama kidogo kwenye alama.

"Huyo alishafariki."

Nikavuta pumzi, nikajaribu kwa mara nyingine.

"Mama, hilo ni tusi."

Nikaomba radhi. Lango likasema halijakasirika, limesikia mabaya zaidi kutoka kwa watu wenye miwani. "Na wewe mwenyewe unaitwa nani?"

"Mama Kalunde."

"Hilo ni jina la mwanao."

"Ndiyo."

"Nimekuuliza la kwako."

"Ndilo hilo. Kwetu mtu akishapata mtoto, jina lake linapumzika. Mtu mzima hatajwi ovyo. Anaitwa kwa mwanawe."

Lango likafikiri. Lilipofikiri, kutu ilidondoka. "Na mumeo ulikuwa unamwita nani?"

"Baba Kalunde."

"Kabla Kalunde hajazaliwa?"

"Nilikuwa nakohoa, naye anageuka."

"Jina lake hukuwahi kulitaja?"

"Sijawahi. Hata siku ya kumzika walilitaja wanaume. Mimi nilikuwa ndani, nikalisikia dirishani."

Kwa mbali nikasikia kitu ninachokijua vizuri: kipaza sauti cha msikiti wa mtaani kwetu kinakwaruza, na muadhini anakipuliza, fuu, fuu, kama afanyavyo kila siku kabla ya kuadhini. Nikatazama mikono yangu, na vidole vimeanza kuwa vyeusi na vyembamba, kama wino.

"Na mimi nina mtoto," lango likasema polepole.

"Wewe?"

"Huyu hapa chini."

Nikainama. Kumbe chini, kulia, palikuwa na mlango mdogo ndani ya lango, wa kupita mbuzi. Umejikunyata, bawaba zake bado laini.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Hakuna aliyeuliza. Wote wanakuja na jina langu mdomoni, wanapigana nalo. Hakuna anayeniuliza habari za nyumbani."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina. Tuliogopa. Ukishampa mtoto jina, watu wanaanza kulitamka."

"Astaghfirullah. Mtoto hakai bila jina, hata kama ni mbao."

"Basi mpe wewe," lango likasema. "Lakini liwe zima. Lisiwe limechubuliwa na midomo ya watu."

Nikatafuta. Majina yote niliyoyajua yalikuwa yametumika: hili lilipigiwa kelele dukani, hili lilisengenywa kisimani, hili walimu walilikosea kila asubuhi. Likabaki moja tu ndani yangu. Lilikuwa jipya kabisa, kama kanga ya sandukuni ambayo mtu hajaikata.

Nikasita. Heshima ya ndoa nzima mtu huivunja vipi, tena mbele ya H? Muadhini akapuliza tena, fuu. Nikajiambia: mume hatajwi, hilo halina mjadala. Lakini mtoto anatajwa. Aliyerithi jina si mwenye jina, ni mtoto, na mtoto anaitwa, anatumwa, anafokewa, halafu anaitwa tena aje ale.

Nikapiga magoti kwenye tundu la ufunguo, maana ndilo lililokuwa sikio. Adhana anayosomewa mtoto mchanga sikioni sikuisoma. Kwanza ni kazi ya wanaume, na mwanamume aliyekuwepo hatamkwi. Pili, mlango si muumini wala si kafiri. Nikasema Bismillahi tu. Ulimi ukaenda kwa kunyata, kama mtu anayepita mbele ya chumba cha wakwe.

"Mgalula," nikasema.

Mlango mdogo ukafungua jicho. Ukajifungua, ukajifunga, ukajifungua, kama mtoto aliyegundua mikono yake.

Nikasimama, nikajifunga kanga vizuri, nikalikabili lango lote kuanzia juu mpaka chini.

"Haya, Baba Mgalula," nikasema, "tupishe."

Na lango likafunguka. Halikulia hata bawaba moja. Lilikuwa linajiambia lenyewe kwa sauti ya chini, "Baba Mgalula, Baba Mgalula," kwa lafudhi mbaya sana, na sikulicheka. Nyuma yangu H akavaa kofia yake. Nadhani alisema kitu.

Nikaamka. Muadhini ndiyo kwanza anaanza. Nikatia udhu, nikaswali, nikamwombea marehemu kama kawaida, bila jina, Mungu anamjua ninayemsema. Kisha nikaenda kusimama nje ya chumba cha Kalunde.

"Kalunde, amka uswali."

"Nimeamka." Sauti bado ya mtu aliyenuna.

"Hivi lile lango lako lina mtoto?"

Kitanda kikalia.

"Nani kakuambia?"

"Nauliza tu."

"Mama, hapo sijakusomea. Hata kuandika sijaandika. Nimewaza tu jana, taa nimeshazima: kuna kimlango pale chini, cha kupita mbuzi, ndiye mwanawe. Nimelala sijapata jina la kumpa."

"Analo."

"Lipi?"

Nikalitaja. Safari hii halikunyata.

Kitasa kikageuka. Kalunde akatokea amejifunga shuka, nywele timtim, ananitazama kama mtu aliyemsikia bubu akiongea.

"Mama. Hilo ni jina la baba."

"La baba yako mimi silitaji," nikamwambia. "Nimekutajia mtoto wa lango. Haya, kaswali, jua linatoka."