Walivyokisafisha Kiwanja cha Bibi Mwalimu

Marehemu mke wangu alifundisha chekechea miaka mingi, na darasa lake halikuwa na kuta. Nyuma ya shule kulikuwa na kiwanja kilichoota majani hadi magotini, mti mmoja wa kivuli, gogo lililooza na shimo la maji ya mvua. Huko ndiko alikowapeleka watoto. Walihesabu kwa kokoto, walichora kwa vijiti kwenye udongo, na nyungunyungu akijitokeza, basi somo la siku hiyo ni nyungunyungu. Watoto walimwita Bibi Mwalimu. Mimi shule nilionja tu, lakini macho ninayo: mtoto aliyeingia pale akijificha nyuma ya sketi ya mama yake, baada ya muda unamkuta anabishana na wenzake habari za mende.

Kila Ijumaa walisafisha kiwanja. Kusafisha, kwa Bibi Mwalimu, kulikuwa kuokota vioo, waya na mifuko ya nailoni iliyopeperushwa kutoka barabarani. Basi. Mtoto akileta jani kwenye ndoo ya taka, anamcheka na kumwambia, "Hilo lina mwenyewe, lirudishe." Pale shuleni kila mtu alilijua hilo, na aliyelijua kuliko wote ni mwalimu mkuu wa sasa, kwa sababu alianza kazi akiwa binti mdogo, msaidizi wa mke wangu. Alikula kwangu. Alipougua, alilala kwangu. Alikuwa akiniita Baba, na hapo ndipo panaponiuma.

Mke wangu alipofariki, mwalimu mkuu alikuja nyumbani na mjumbe wa kamati ya wazazi. Wakanipa pole tena, wakasifia chai. Kisha akaniambia kiwanja cha mama kimezidi kuchafuka, na wapo wazazi wanaokipenda ambao hawataki kiguswe bila mimi kutoa neno. Akainamisha kichwa kama mkwe.

"Baba, turuhusu tukisafishe."

Nikaona binti ana adabu. Nikasema safisheni, kwani hilo nalo la kuombea ruhusa? Mjumbe akamtazama mwenzake, na chai wakaiacha nusu.

Siku zilizofuata nililala na mafua, mjukuu wangu akipelekwa shule na jirani. Mjukuu mwenyewe tunamwita Sisimizi, maana bibi yake alikuwa akimpoteza, anamkuta amechuchumaa kwenye njia ya sisimizi. Nilipopata nafuu nikampeleka mwenyewe, nikazunguka nyuma ya shule. Mti hakuna. Gogo hakuna. Shimo limefukiwa, saruji imemwagwa, na juu ya saruji wametandika zulia la plastiki la kijani linalojifanya majani. Katikati bembea na mtelezo mwekundu. Getini kibao: BUSTANI YA BIBI MWALIMU.

Nilimfuata ofisini. Hakushangaa kuniona. Akaniambia wakaguzi walisema watoto wanachezea matope badala ya kusoma, wazazi wengine wamechoka kufua, na kamati ilishapitisha. Wenye vyeo ndivyo walivyo, ukimshika huyu anakuonyesha yule. Nikamuuliza wale waliokipenda kiwanja walisemaje.

"Tuliwaambia Baba ameridhia. Ulisema mwenyewe, safisheni."

"Wewe umesafisha na mama yako kila Ijumaa. Mlikuwa mnaokota nini?"

Akapangapanga kalamu zake mezani. "Vioo."

"Na nini?"

"Waya. Nailoni."

"Na ule mti, mlishawahi kuutia kwenye ndoo?"

Akasema kwa sauti ndogo kwamba hata jina wameliweka kwa heshima. Nikamwambia heshima hiyo abaki nayo, jina la mke wangu aling'oe getini, na Baba asiniite tena. Nikatoka nimeshakata shauri: Sisimizi harudi pale. Bora ashinde na mimi nyumbani, hata kama sina cha kumfundisha.

Nilimkuta juu ya mtelezo, soksi nyeupe kama zilizotoka dukani leo.

"Babu, nitazame!"

Akateleza, akatua kwa makalio kwenye zulia, akacheka hadi akakohoa, akakimbilia ngazi tena. Nikamshika mkono, nikamwambia twende nyumbani. Akauliza kama kesho tutakuja. Nikamwambia hapa hatuji tena. Kilio alichokitoa, hata siku ya kumzika bibi yake hakulia hivyo. Akakumbatia nguzo ya bembea, akaniambia mimi ni babu mbaya, naharibu kila kitu.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, anatutazama. Hakucheka. Angecheka, ningejua la kufanya.

Nikamwachia mtoto mkono. Akapanda ngazi bila kugeuka, na mimi nikabaki nimesimama juu ya yale majani ya plastiki, nikimngoja ateleze.