Matikiti ya Kijani Kwenye Mstari Wangu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitaki mtu anigombanie cheo hicho. Vyeo vingine nimevikosa. Hiki nimekipata kwa jasho langu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuozesha maua. Cheka tu, nimezoea. Kampuni ya mbegu lazima iwe na mtu wa kuchukua chavua ya tikiti la huku na kuipaka kwenye ua la tikiti la kule, na kwa miaka kumi na miwili mtu huyo nimekuwa mimi. Sisemi matikiti maji yale ya kubeba begani. Nasema haya madogo ya kunukia, ambayo ukiweka moja chumbani wageni wanauliza umejipaka nini. Jioni, kabla ua halijafunguka, nalifungua kwa kibano, naling'oa stameni zote zenye chavua lisije likajichavusha lenyewe, nalivisha kifuko. Asubuhi naleta chavua ya bwana harusi, napaka, nafunga lebo. Mkono ukitetemeka kidogo tu, harusi imevunjika. Wangu hautetemeki. Ndiyo maana wakaniita Fundi, na nikaliitikia jina hilo kama nilizaliwa nalo.

Kisha akaja Profesa. Hakuwa profesa wa popote. Alikuwa na diploma, shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya kwapani, na ugonjwa wa kuuliza "kwa nini". Wiki ya kwanza nilimpenda. Wiki ya pili mke wangu, ambaye yuko chumba cha mbegu palepale kazini, akasema tukiwa mezani:

"Yule mgeni ana mwandiko mzuri kwenye lebo."

Kijiko kikanigandia hewani. Miaka kumi na miwili naandika lebo!

"Na wangu je, mama watoto?"

"Wako unasomeka," akasema. "Mtu akishauzoea."

Tangu siku hiyo roho haikutulia. Profesa akicheka, nilihisi nachekwa. Akinyamaza, nilihisi anapanga. Na msimamizi wa banda letu la kuchavushia alikuwa anakaribia kustaafu, na kiti kile, kwa hesabu zangu, kilikuwa kimeshachukua umbo la makalio yangu.

Madamu, mkuu wetu, hakukitoa kirahisi. Akatupa kila mmoja kazi ileile: changanya tikiti la ganda njano na la ganda kijani, tuone uchavushaji wa nani ni wa kweli. Mimi nikafanya la njano mama, la kijani baba. Profesa akageuza: mama kijani, baba njano. Mbegu zikapandwa, na watoto wa pande zote mbili wakaiva njano tupu. Nikapiga makofi peke yangu.

Profesa akakohoa kwa adabu. "Hongera, Fundi. Ila mama yako alikuwa wa njano. Kama ua lingejichavusha lenyewe, watoto si wangekuwa njano vilevile?"

Watoto wake yeye walikuwa na mama wa kijani, kwa hiyo unjano wao haukuwa na pa kutoka ila kwa baba. Wangu walionekana kama watoto ambao baba yao anatajwa tu.

"Basi tungoje wajukuu," akasema Madamu. "Pandeni mbegu za hao watoto wa Fundi. Mimea sitini."

Nami nilikuwa na nafasi ya kuelewa hao wajukuu wangekuwaje. Mchana mmoja nilipita chumba cha mbegu, nikamkuta Profesa anawafundisha watu kwa vifungo vya nguo. Leo naweza kukueleza alichokuwa anasema: kila tikiti lina jeni mbili za rangi ya ganda, moja ya mama, moja ya baba. Ya njano inaitawala ya kijani. Mtoto mwenye moja moja anaonekana njano, lakini ya kijani imejificha ndani. Mjukuu mmoja katika wanne hivi anaokota kijani mbili, naye anatoka kijani kama babu yake. Mambo mepesi kabisa. Lakini mimi mlangoni pale niliona vifungo vinne kwenye kiganja cha Profesa, na mke wangu anacheka. Hajanichekea mimi vile tangu mtoto wetu wa pili aote meno.

"Karibu, kaka, tuko kwenye wajukuu wako," Profesa akaniita.

"Nina kazi," nikasema, nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji bila kazi yoyote.

Siku ya kuhamisha miche mgongo ukanikamata. Nikalala siku tatu. Mke wangu akarudi na habari njema: "Usihangaike, Profesa amekupandia mstari wako wote." Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nikaandika tarehe.

Miezi ikapita. Kila mmea tukauachia tunda moja, yakanenepa, yakaanza kuiva. Asubuhi ya ukaguzi niliwahi kuliko wote nikayaangalie matikiti yangu ya njano. Nikakuta ya kijani. Moja hapa, mawili pale, jingine limejilaza katikati ya wenzake kama mgeni asiyealikwa.

Hapo inabidi uelewe maisha yetu. Mashambani kwetu, mmea usiofanana na wenzake unang'olewa kabla mkuu hajauona, kwa sababu mkulima aliyenunua mbegu anataka shamba lenye sura moja. Mkono wangu umefanya hivyo maelfu ya mara. Na safari hii mkono ulikuwa na sababu ya pili: nani alipanda mstari huu nikiwa kitandani? Nikajisemea, huyu mtu kanichomekea miche ya kijani aniaibishe. Nikang'oa yote, mmea na tunda lake. Nikayatupa kwenye shimo la takataka nyuma ya banda, nikasawazisha udongo, nikanawa. Niliimba pia, nisikufiche.

Saa tatu Madamu akaja na faili lake, Profesa nyuma yake, mke wangu nyuma yao na mifuko ya mbegu. Akatembea mstari wote taratibu.

"Yote njano," akasema.

"Yote, Madamu! Kama viini vya mayai."

Akaandika. "Pole sana, Fundi."

"Pole ya nini tena?"

"Wajukuu wote wakiwa njano, baba wa kijani hakuwahi kuwepo. Ua lako lilijichavusha lenyewe."

Nikamtazama mke wangu, naye akanitazama kwa sura ya mtu aliyeelezwa kwa vifungo. Nikinyamaza, mkono wangu wa miaka kumi na miwili ulikuwa umekufa pale. Nikisema, basi mimi ndiye mwendawazimu. Nikanyamaza.

Profesa ndiye aliyeinama. Kidole chake kilikuwa kwenye bomba la matone, lenye tundu moja kwa kila mmea.

"Madamu, maji haya yanamdondokea nani?"

Hapakuwa na mmea. Akapiga hatua tatu. "Na haya?" Akaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari akihesabu, kisha akainuka, magoti yamejaa tope. "Mimea kumi na minne imeng'olewa, kati ya sitini. Karibu robo. Madamu, kama ilikuwa ya kijani, uchavushaji wa Fundi ni wa kweli kabisa."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia huyo aliyekuwa ananiokoa.

"Fundi, ilikuwa ya kijani?" Madamu akauliza.

"Si aliipanda yeye!" likanitoka. "Nilipoumwa mgongo! Alitaka kuniharibia!"

"Mimi, kaka?" Profesa akasema, na sauti yake ilikuwa imeumia kweli.

Mke wangu akaweka mifuko chini. "Baba watoto, miche ile nilimhesabia mimi. Ilitoka kwenye trei yako, yenye lebo yako. Tulichelewa kwa sababu ya kuisoma tu."

Tukaenda shimoni wote. Yalikuwa yamelala pale, matikiti kumi na manne ya kijani, mazuri, wajukuu halali niliowatupa kwa mikono yangu. Mke wangu akashuka, akaanza kuyapokeza juu moja moja ili angalau mbegu zake zipimwe.

Lakini mimi ni mtu wa kuanguka na kuinuka na mchanga mkononi. Nikajipangusa suruali.

"Haya, Madamu, nimekosea, nakiri. Ila ulisema unamtaka mwenye uchavushaji wa kweli. Umepata robo yako, na ushahidi kautoa mpinzani wangu mwenyewe. Mimi ndiye mkongwe. Kiti ni changu."

"Hata mimi naona ni haki yake," akasema Profesa, mpumbavu yule.

"Si unasikia!"

Madamu akafunga faili.

"Mkono wako sina neno nao, Fundi, kesho urudi nao kwenye maua. Ila usimamizi ni kazi ya macho, na wewe leo umesimama mbele ya matikiti kumi na manne, ukamwona Profesa tu."