Mapigo Yaliyotupwa

Ulimwona, ukageuza uso. Usianze visingizio. Ulipita kwenye ule ukumbi wa bati wenye wavu wa chuma, ukavaa kofia ngumu aliyoifuta vumbi yeye, ukaandika tasnifu yako ya uzamili kwa radi alizozipiga yeye, na siku ya kuvaa joho ukawashukuru wazazi, mchumba na wafadhili. Yeye alikuwa nyuma ya umati anakunja waya. Ulimpungia mkono kama mtu anayemuaga mlinzi wa geti. Sasa kaa usikie yaliyotokea leo asubuhi, maana yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Wanafunzi wanamwita Bi Kufuli. Ni fundi sanifu wa maabara ya umeme wa msongo mkubwa, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Jina limetokana na desturi ya mahali pale: kila anayeingia ndani ya wavu anatundika kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu na ufunguo anatembea nao mfukoni, asije mtu akawasha mtambo huku mwenzake yumo ndani. Katika hilo Bi Kufuli hana mkubwa wala mdogo. Kuna mwaka alimrudisha mlangoni profesa mgeni, na koti lake la sufu na ripoti zake za ukaguzi, kwa sababu ufunguo aliuacha kwenye begi.

"Profesa," alimwambia, "umeme haujasoma wasifu wako."

Ndani ya wavu umesimama mtambo wenyewe. Ni kapasita kumi, kila moja kubwa kama sanduku la nguo, zimepandana hadi karibu na paa. Kwanza zinajazwa umeme zikiwa ubavu kwa ubavu, pole pole, kama watu kumi waliopanga ndoo kwenye mabomba kumi. Halafu inaruka cheche moja ndogo huku chini, na zote zinapandiana mabegani na kumwaga kwa mkupuo: volti laki nane, kwa muda ambao jicho halijapata hata kuamua lifumbe au lisifumbe. Bi Kufuli ameyaona mapigo hayo mara elfu kumi na moja na kitu. Mpaka leo, sekunde chache kabla ya kila pigo, vinyweleo vya mikono vinamsimama na anajikuta ameshika pumzi kama mtoto anayengoja kutupwa juu na baba yake. Hajawahi kulizoea. Anamwambia binti yake kwamba siku atakayolizoea ataacha kazi siku hiyo hiyo.

Leo ilikuwa siku ya wazi ya masomo ya uzamili. Meza zilipangwa ukumbini toka mlangoni: mifumo ya umeme, mawasiliano, udhibiti wa mitambo, elektroniki ya vifaa vya hospitali, usanifu wa chipu. Wahitimu wa shahada ya kwanza walizunguka na vipeperushi, wengine na wazazi wao, wakiulizana nani anasoma kwa darasa mwaka mmoja na nusu na nani anajitosa kwenye utafiti miaka miwili. Meza ya msongo mkubwa ilikuwa ya mwisho, kando ya wavu. Haikuwa hata na kitambaa.

Bi Kufuli alikuja na binti yake, na fomu ndani ya bahasha ya plastiki. Fomu yake. Ana miaka hamsini na nne, ana stashahada aliyoisomea jioni baada ya kazi, na ukurasa wa thelathini na moja wa kitabu cha kanuni unasema hivi: mwenye stashahada na miaka kumi ya kazi anaweza kuingia uzamili kwa njia ya utafiti, iwapo wahitimu wawili wa uzamili waliofanya kazi naye watamthibitisha kwa maandishi. Kifungu hicho kinafutwa muhula ujao. Dirisha la maombi linafungwa leo, saa kumi kamili jioni. Leo, au basi tena.

Wahitimu wawili tu, na mikononi mwake wamepita sitini na mmoja. Aliwaandikia kumi na tisa aliokuwa na namba zao. Wanane hawakujibu. Sita walimtumia ile picha ya viganja viwili vilivyounganishwa. Wanne walijibu kwamba wako safarini, tena safari moja ndefu isiyoisha. Mmoja, ambaye leo anasimamia kituo kizima cha kupozea umeme, alijibu kwa moyo mkunjufu: "Tuko pamoja sana, Bi!" Kisha kimya.

"Tuko pamoja wapi?" binti yake aliuliza. "Maana hapa nawaona mama na mimi."

Binti huyo anauza vipuri vya simu dukani, na kwa Jumapili thelathini na nne amekaa mezani kwao akichapa madaftari ya mama yake kwenye kompyuta, ukurasa baada ya ukurasa. Madaftari kumi na moja. Ndiyo utafiti wenyewe, na nianzie wapi kukueleza bila kukasirika? Sikiliza. Mwanafunzi wa uzamili hupiga radi yake ili apate namba anazozitarajia. Pigo likipita njia asiyoitaka, analiita bovu, analifuta, anarudia. Tasnifu zenu zote, mapigo yake ni mazuri, yana adabu, yamepita mlango wa mbele. Bi Kufuli aliyaandika yote. Hasa yale mliyoyatupa: saa, joto, unyevu wa hewa, volti, pigo limepita wapi, limetupwa na nani.

Wa kwanza kuyatupa alikuwa kijana mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Alikuwa mwaka wake wa kwanza wa uzamili, na Bi Kufuli mwaka wake wa kwanza kazini. Kwa wiki tatu za mvua alifuta mapigo arobaini na matatu.

"Dada, hayo usihangaike nayo," alimwambia. "Ni uchafu."

Kijana yule leo ni mkuu wa idara. Miwani ni mipya.

Ndiye aliyesimama mbele ya wavu asubuhi hii, wageni kama mia hivi wakimzunguka, akieleza onyesho. Ndani kulikuwa na njia mbili za radi. Kushoto, fimbo mbili za shaba zikitazamana, pengo lake hewa tupu. Kulia, mnyororo wa vikombe vya kauri, vile vinavyoning'iniza nyaya kwenye nguzo, vilivyoshushwa kutoka njia inayopita karibu na kiwanda cha saruji, vumbi lake likiwa bado limeganda. Njia ya vikombe ilikuwa ndefu zaidi.

"Radi ni ya haraka mno," alisema mkuu wa idara. "Vumbi halipati hata nafasi ya kuisumbua. Itakata njia fupi, kwenye fimbo. Hivyo ndivyo vitabu vyote vinavyosema."

Bi Kufuli alitazama kipima unyevu ukutani. Asubuhi ilinyesha. Asilimia themanini na nne. Angeweza kunyamaza, alikuwa anahitaji saini ya mtu huyu huyu.

"Leo haitapita hapo, Mkuu," alisema.

Watu waligeuka. Mkuu wa idara alitabasamu kwa upande mmoja. "Bi, wageni hawa."

"Ndiyo, wameshafika, waone. Katika mapigo matano, manne yatapita kwenye vikombe. Yataruka nje pale nitakapotia alama."

Alitundika kufuli lake, akaingia, akagusisha fimbo ya ardhi, ile ya kumwaga umeme uliobaki, kwenye mtambo mpaka akaridhika, akachora duara la chaki kwenye ukingo wa kikombe cha tatu kutoka juu.

"Haya jamani, mganga huyo!" Aliyesema hivyo alikuwa kijana aliyehitimu shahada ya kwanza majuzi, akisaidia kwenye meza ya usanifu wa chipu, wenzake wanamwita Chipu, mwenye fulana nzuri na ulimi usio na breki. "Chaki ndiyo itavuta radi. Ujanja huo, Bi!"

"Swali zuri, mwanangu," alisema Bi Kufuli, na akaenda akazipaka chaki zile fimbo za shaba pia, kwa kiasi kile kile. "Sasa tumewapaka wote. Una lingine?"

Watu walicheka. Chipu naye akacheka, akajisogeza mbele.

Bi Kufuli alitoka, akafunga lango, akaondoa kufuli lake kwenye swichi. Mtambo ukaanza kujaa. Unajua ile sauti, ulikuwa ukiisikia: mngurumo mdogo unaopanda kidogo kidogo mpaka unausikia kwenye meno. Mazungumzo yalizimika yenyewe. Mama mmoja aliyekuwa akijipepea na kipeperushi cha mawasiliano alikishusha. Bi Kufuli alisikia vinyweleo vikisimama, kama kawaida.

Pigo.

Ukumbi mzima ulikuwa mweupe, halafu haukuwa. Mshindo uliingia kupitia miguuni. Ilipofifia ile rangi ya zambarau machoni, kila mtu alikuwa anatazama upande wa kulia, kwa sababu kila mtu alikuwa ameona: mti mweupe umeteremka juu ya vumbi la saruji, ukafika kikombe cha tatu, ukaruka nje pale pale penye duara. Harufu ya hewa iliyoungua ilikuja taratibu.

"Bahati," mkuu wa idara alisema, ila kwa sauti ndogo.

"Inawezekana," alisema Bi Kufuli. "Ndiyo maana nimesema matano."

La pili, kwenye duara. La tatu, kwenye duara, na safari hii mtu fulani alitoa sauti kama ya aliyemwagiwa maji ya baridi. La nne likapita kwenye fimbo za shaba, njia fupi, kama vitabu vinavyosema. Minong'ono ikaanza. Bi Kufuli aliinama akaandika saa, joto, unyevu, volti, mkono wake umetulia tuli.

"Na hili unaliandika?" Chipu aliuliza.

"Hilo hasa. Hapa hatutupi."

La tano. Duara.

Fikiria watu mia wamesimama mbele ya wavu, wazee kwa vijana, midomo wazi, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu. Walishasahau kwamba wana simu. Na mwanamke aliyevaa koti la buluu lililopauka mabegani alikuwa amewaambia radi itapita wapi, ikapita.

Mkuu wa idara alikaa kwenye kona ya ile meza isiyo na kitambaa. "Umejuaje?"

Binti alifungua begi, akapanga madaftari kumi na moja mbele yake, na juu yake karatasi zilizochapwa. "Karibu, Mkuu. La kwanza ndilo lenye jina lako."

Alilifungua. Wino ulikuwa umegeuka kahawia. Mapigo arobaini na matatu, kwa mwandiko wa mwanamke wa miaka thelathini na mbili: saa, joto, unyevu, volti, na kila mstari umeishia na maneno yale yale, "limetupwa na Miwani." Alishuka na kidole pole pole. Alipofika chini alirudi juu, akashuka tena, na sasa alikuwa anasoma safu ya unyevu peke yake. Themanini na tatu. Themanini na tano. Themanini na nne. Bi Kufuli alimwona akivua miwani na kuishika tu.

"Ilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Wiki tatu ilikuwa inaniambia kwamba unyevu ukipanda, vumbi linaivuta, na mimi ninaifuta."

"Wewe na wengine sitini," alisema Bi Kufuli. Hakusema kwa ubaya. "Mimi nilikuwa nashangaa tu jinsi inavyorudi. Mnaifuta, inarudi. Mnaifuta, inarudi. Nikasema kitu chenye subira namna hii lazima kina neno."

Mkuu aliomba kalamu. Akaandika barua yake kwa mkono, pale pale, ukurasa na nusu, akaweka saini. Halafu akaikagua fomu, na uso ukamshuka.

"Wanatakiwa wawili."

"Najua."

"Ningekuandikia mimi saa hii, Bi," Chipu alisema. Utani ulikuwa umemtoka wote. "Lakini mimi ndiyo kwanza natafuta pa kuanzia uzamili." Akavuta kiti, akaketi kwenye meza ile ya mwisho, akaanza kulisoma daftari la pili, na meza yake ya chipu akaiacha bila mtu.

Mkuu alipiga simu. Akapiga nyingine. Moja iko kwenye mkutano, nyingine haipatikani, nyingine imesema itapiga baadaye. Bi Kufuli alichukua ufagio akaanza kuzoa vipande vya kauri vilivyomeguka, maana kikombe cha tatu kilikuwa kimepasuka ukingo, na alipokishika bado kilikuwa na joto. Alikigeuza mbele ya dirisha, akautazama ule mstari mwembamba mweusi ulivyojichora, akasahau kwa muda kwamba anangoja.

Sasa ni saa nane na dakika ishirini. Fomu iko mezani, barua moja ndani yake. Mkuu wa idara ni mmoja wa wale sitini na mmoja. Waliobaki ni sitini, na wewe ni mmoja wao, unajua hivyo tangu mstari wa kwanza. Na kama hukupita maabara hiyo, ulipita nyingine, na huko nako kuna mtu aliyekushikia tochi, akakuunganishia saketi, akakuzuia usife, ambaye hadi leo anafungua milango asiyoruhusiwa kuingia. Haikugharimu kitu kumsahau. Haitakugharimu kitu kumkumbuka. Acha chai. Usitume viganja. Chukua karatasi, andika jina lake kamili, andika ulichomwona akikifanya, weka saini, ipeleke kwa miguu yako kabla ya saa kumi. Simama. Simama sasa hivi, uende.