Nyaya za Akil

Siku Akil alipozikwa, nyaya zilikuwa zimechomoza ukutani katika nusu ya vyumba vya nyumba yake ya Kibokoni, ncha zake zimefungwa utepe mweusi. Alikuwa fundi wa redio, mwenye duka dogo karibu na Biashara Street, na mwaka mzima alikuwa akiitilia nyumba mtambo alioubuni mwenyewe: video moja ukumbini ilishe televisheni za juu na chini, taa ziwake zenyewe jua likizama, na kila chumba kiwe na spika inayosema na kusikiliza, ili mkewe Mona asipate taabu ya kupanda ngazi kumwita. Kuta zile za mawe ni nene. Tundu moja ni kazi ya kutwa. Homa ilimchukua kabla hajamaliza.

Mona akakaa eda. Hakutoka nje, hakujipamba, wala hakuonana na mwanamume asiye maharimu wake.

Haukupita muda, baada ya alasiri, akasikia keekee ikitoboa ukuta wa jikoni. Hakwenda kutazama. Aliujua mkono wa mumewe: hutoboa kidogo, hupumzika, hupuliza vumbi. Baadaye alifagia unga wa mawe, akaona waya umepita. Kesho yake ikafuata zamu ya ukuta wa ngazi.

Kahindi, aliyekuwa akifanya kazi na Akil dukani, alikuja akabisha hodi. Kwa kuwa Mona hangeweza kumtokea, alimjibu kwa spika ya mlangoni.

“Bi Mona, ile keekee ya dukani iko kwenu? Kila alasiri siioni.”

“Iko, Kahindi. Anaifanyia kazi.”

Kahindi akaukagua waya wa mlangoni. “Ndiye huyu. Misumari ya kushika waya hapigi ya kutosha. Nilimsema akiwa hai, hakusikia. Sasa ndio atasikia? Mwambie basi airudishe mapema, nina wateja.”

“Nitamwambia.”

Mona alikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa mwisho wa eda. Hakujaliwa mtoto. Akil, akiwa mzima na akili zake timamu, alimpa nyumba ile iwe hiba yake, kwa maneno ya mdomo, mbele ya mama yake mzazi na nduguye Ziad. Mama alishatangulia mbele ya haki. Alibaki Ziad, na Ziad alipoulizwa na ami yao matangani, alisema hakumbuki kitu kama hicho.

Eda ilipokwisha, wanaume wa ukoo walikutana ukumbini. Mona alikaa chumba cha ndani, kando ya spika. Alimsikia Ziad akisema kwamba nyumba ni urithi kama urithi mwingine. Shemeji yake atapewa thamani ya robo yake, na yeye Ziad atahamia na watoto.

Jua likazama. Taa zikawaka zenyewe, chumba baada ya chumba. Kisha spika zote zikakohoa.

“Asalaam aleikum,” ikasema sauti ya Akil.

“Waaleikum salaam,” wakajibu.

“U hali gani, mwanangu?” ami akauliza.

“Alhamdulillahi, ami. Nyumba hii nilimpa Mona. Ziad, ulikuwepo.”

Sauti ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Mtu mmoja aliisifu kazi ya waya. Ziad alikuwa akitazama zulia.

“Tumekusikia,” ami akasema. “Lakini shahidi ni aliye hai. Maiti wakianza kushuhudia, mwanangu, nani atabaki na nyumba hapa Mji wa Kale?”

Wakacheka kidogo, kwa adabu.

“Ziad, ulikuwepo.”

“Kaka tangu utoto husema jambo mara mbili,” Ziad akasema.

Mona akabonyeza kitufe. “Ami, na mimi nilikuwepo.”

“Wewe ndiwe mdai, mwanangu,” ami akamjibu kwa upole. “Mdai hajishuhudii.”

Wakamsomea Akil Fatiha. Yeye mwenyewe akaitikia amina pamoja nao.

Mona alihamia Tudor, kwa dadake Areej. Alichukua nguo zake na sufuria mbili, na kabla ya kutoka alipita kila chumba akiaga.

Siku moja Kahindi akaja kumjulia hali. Alisema Ziad alimwita akate nyaya, kwa sababu watoto hawasikii televisheni yao vizuri. Alifungua kisanduku cha mtambo akakuta hakijaunganishwa na umeme hata kidogo. Akamwambia Ziad hakuna cha kukata, akafunga skrubu zake.

“Bado anasema?” Mona akauliza.

“Kila magharibi, taa zikiwaka. Maneno yale yale.”

“Na Ziad?”

Kahindi alikizungusha kikombe chake cha chai.

“Amezoea. Wakati ule huwa wako mezani. Humjibu, ‘Ndiyo, kaka, nilikuwepo.’ Kisha humwomba mkewe amsogezee mchuzi.”