Mpini wa Madamu

Bosi alinunua bastola ya mtumba, iliyotengenezwa kwa oda ya mtu mwingine. Mpini ulikuwa mnene, na herufi za jina la mmiliki wa kwanza bado zilikuwa juu yake. Aliitaka iwe ya mkewe. Mimi ni dereva wao, lakini kwa kuwa ni Mkamba, watu wa kuchonga vinyago, basi nimezaliwa na tezo mkononi! Bosi akaniambia, "Kyalo, chonga mpini mpya."

Niliomba alama ya mkono wa madamu kwenye unga uliokandwa. Nikaletewa donge la chapati, vidole vimezama vizuri. Nikanunua tupa na msasa kwenye duka la vifaa la Najma, nikachonga.

Siku ya kuikabidhi, madamu aliishika ikamcheza mkononi. Akamsukumia Hidaya, mfanyakazi wao wa ndani kutoka Tanga, aiweke kabatini. Ikamkaa Hidaya barabara.

Nilimfuata jikoni nimefura. "Kumbe ule unga uliushika wewe?"

"Madamu hakutaka hata kuugusa, kaka. Akaniambia nishike mimi." Hidaya alikuwa akitazama kiganja chake. "Na umeuchonga vizuri. Sasa siku bastola ikilia humu ndani, watasema ni ya mkono wa nani?"