Zulma Hatabiri Ushindi

Mtaani kwa Zulma, pale Paysandú nchini Uruguay, hakuna mtu mwenye akili zake anayetabiri kwamba timu ya taifa itashinda. Ukiandika hivyo kwenye karatasi ya ubashiri wa mechi kule kwa muuza nyama, umeiroga timu. Ikifungwa, utasemwa mpaka mashindano mengine. Basi kila mtu huandika tunatolewa, anapoteza pointi zake, na roho yake imetulia. Ni ujinga, lakini ndio ujinga wetu.

Asubuhi ya mechi ya robo fainali, Zulma alikuwa hospitali, kando ya kitanda cha mumewe Heber, aliyengoja kupasuliwa moyo.

"Umetuandikia nini?" Heber akauliza.

"Tunatolewa. Tatu bila."

"Safi, mama! Basi tumefuzu."

Wakacheka. Kisha Heber akamshika mkono. "Na mimi je? Unanitabiria nini?"

Zulma akajibu kama alivyozoea miaka arobaini: "Wewe? Wewe hutoboi, mzee."

Heber hakucheka. "Leo niambie nitapona, Zulma. Mara moja tu."

"Hebu nyamaza! Unataka nikuletee nuksi?"

Loh, ulimi huu! Neno lenyewe lilikuwa limemjaa kooni, alitaka kulisema kuliko kitu chochote duniani, na kwa sababu hiyo hiyo akalimeza. Wauguzi wakaja, wakamsukuma Heber na kitanda chake kwenda chumba cha upasuaji.

Mchana Uruguay ikafuzu kwa penalti. Wauguzi, wagonjwa, mpaka mfagizi, wote wakakumbatiana ukumbini. Zulma naye akapiga vigelegele, maana kwake utabiri mbaya ulikuwa umefanya kazi, na ungefanya kazi tena. Alikuwa bado anacheka daktari alipotoka kumwambia kwamba Heber amefariki.

Baadaye muuguzi mmoja akaja kumpa pole. "Mama, hakuwa peke yake. Kabla ya dawa ya usingizi aliniuliza, 'Binti, nitapona?' Nikamwambia, utapona, babu. Alivyofurahi, masikini! Akanishukuru mara mbili. Akasema alikuwa na hamu sana ya kuambiwa hivyo."

Zulma akaomba apelekwe alipolazwa mumewe. Akamwinamia sikioni, akamwambia atapona. Akarudia, akarudia, huku nje magari yakipiga honi, mpaka wauguzi wakamshika mabega wakamwomba atoke.