Breki ya Upande wa Mwalimu

Wanafunzi walimwita Mzee Taratibu, na jina lenyewe halikumkera. Alikuwa akifundisha udereva tangu kabla binti yake hajazaliwa. Gari lake la kufundishia lilikuwa na pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi, nyingine ya mwalimu, zimeunganishwa kwa chini. Ukikanyaga hii, na ile inazama. Binti alikua akiziona, mpaka akaacha kuzitilia maanani.

Sasa binti alikuwa muuguzi mpya mwenye leseni mpya, na wodi ya watoto aliyopangiwa ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Hapakuwa na njia ya kumfikisha huko kwa wakati ila barabara kuu. Alitakiwa aripoti Jumatatu. Baba alishakata shauri: asipoweza kuingia barabara kuu sawasawa, haendi, kazi apewe mwingine. Nyumbani hakuna aliyembishia. Mama alifia pale pale, mwisho wa njia ya kuingilia barabara kuu, hata leseni yake haijazoea mkoba. Alisimama angoje magari yapungue, na dereva wa lori lililokuwa nyuma yake alidhani ameshaingia.

Ndiyo maana somo hilo baba alilifundisha kwa uchungu kuliko mengine yote. Alilichora ubaoni mpaka chaki ikamvunjikia mkononi.

"Aliye barabara kuu ndiye mwenye haki ya njia. Wewe mgeni, jipange! Kioo, indiketa, halafu geuza shingo utazame pale kioo kisipofika. Kanyaga mafuta, mwendo wako ulingane na wa wenzako, uingie. Na mwishoni usisimame. Jamani, msisimame!"

Wanafunzi walikonyezana. Mzee Taratibu gani huyu anayewahimiza watu wakimbie? Wale waliojua habari za mkewe waliinamia madaftari yao.

Asubuhi ile, siku chache kabla ya Jumatatu, baba na binti walikuwa wamejaribu kuingia barabara kuu mara mbili, binti akiendesha. Mara zote mbili gari lilipungua mwendo katikati ya njia ya kuingilia, wakaponea chupuchupu huku honi zikiwatukana.

"Umeachia mafuta," baba alisema, macho mbele.

"Sijaachia, baba."

"Sasa limepungua lenyewe? Mguu wako una woga, mama. Mimi sikulaumu, wewe una sababu. Lakini Jumatatu isahau."

Binti aliamini, kwa kuwa baba hakuwa mtu wa uongo, na kwa kuwa kila walipokaribia pale moyo wake ulimpanda kooni. Akaanza kupanga maneno ya kumwambia muuguzi mkuu. Akayaona yote ni ya aibu.

"Mara moja ya mwisho, baba. Nakuomba."

Mzee akaguna, wakazunguka tena. Binti akaitazama njia ya kuingilia ikinyooka mbele yake. Kioo, indiketa, shingo. Nafasi ilikuwepo, tena nzuri, mbele ya lori la saruji. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikanguruma kwa nguvu, na gari likapungua mwendo. Akatupa jicho miguuni. Pedali ya breki ilikuwa imezama, wala hakukuwa na mguu wake juu yake.

Lori likapiga honi ndefu na kupita kwa kuwakwepa, upepo wake ukalitikisa gari zima. Binti akakata usukani kuelekea njia ya dharura, akasimama na kuwasha taa za tahadhari. Hasira ilimpanda.

"Baba, tazama mguu wako."

Mzee akatazama. Kiatu chake kilikuwa bado kimeikandamiza pedali. Alitaka kuuinua mguu, ukagoma, akashika goti kwa mikono miwili na kuuondoa.

"Haki ya Mungu sikujua," alisema. "Mwanangu, sikujua."

"Tungekufa! Na ungesema ni woga wangu."

Magari yalipita mfululizo. Mzee alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tukifika pale namwona mama yako. Amesimama mbele yetu, taa za nyuma zinawaka. Sasa nitaachaje kukanyaga?"

Hasira ya binti ikaisha, huruma ikamjaa kifuani. Akamshika baba mkono. Miaka yote hii alidhani mzee amepoa.

"Hamia nyuma, baba."

"Mwalimu hakai nyuma."

"Leo si mwalimu. Leo nakupeleka mimi. Shukia upande wako, huku kwangu magari yanapita."

Akashuka, akaingia nyuma, akasogea mpaka nyuma ya kiti cha binti. Hakukuwa na pedali huko. Binti akatazama kioo, akawasha indiketa, akaanza kukusanya mwendo ndani ya njia ya dharura, gia baada ya gia. Akageuza shingo. Pengo likaja, akaingia.

Hapo akahisi goti la baba likimsukuma mgongoni kupitia kiti. Mzee alikuwa akikanyaga sakafu kwa nguvu zake zote, tena na tena, akiliita jina la mkewe, na gari likazidi kwenda.